Kiroba Kilichokwenda Kinampanda

Kuna harufu mbili ambazo zikikutana tu, viganja vyangu vinaanza kutoka jasho: harufu ya maka peni iliyofunguliwa sasa hivi, na harufu ya mashudu ya alizeti, yale makapi yanayobaki mafuta yakishakamuliwa. Kila moja peke yake hainisumbui. Nimekulia Singida mjini, mashudu nimeyanusa kabla sijajua kutembea. Lakini zikikutana narudi stoo ya baba mdogo, nyuma ya mapipa, nimepiga magoti juu ya kiroba cha sandarusi, na hasira yangu iko palepale nilipoiacha.

Niseme mapema kwamba sijasamehe. Nimesoma kumbukumbu nyingi za utotoni ambazo mwishoni mwandishi anashusha pumzi na kugundua kwamba wote tulikuwa watoto tu. Mimi siye. Aya hii nimeifuta na kuiandika upya mpaka nikachoka, nikitafuta namna ya kuonekana mtu mwema, na sikuipata.

Kilichonirudisha huko ni gemu. Kama una umri kama wangu, huenda umeona kwamba yale magemu ya zamani ya kutembea mahandakini yamerudi. Si yale yenyewe. Ni mapya, yametengenezwa na watu ambao nadhani walikuwa watoto kama sisi, lakini wameyafanya magumu vilevile kwa makusudi: unaona kilicho mbele yako tu, unasogea mraba mmoja kwa mmoja, kuta zote zinafanana, mifupa inayotembea inakungoja kwenye kona, na ramani hakuna. Ukitaka ramani, chora mwenyewe. Watu wanalipia mateso hayo na kujisifu. Nilipakua moja kwenye laptop yangu. Skrini ikawa nyeusi, ukuta wa kwanza ukatokea, na kabla sijajua ninachofanya nilikuwa nimekwenda jikoni, nimekung'uta kiroba kilichokuwa na unga, nimekipasua ubavuni na kukitandika sakafuni. Kisha nikafungua maka peni. Jirani yangu anafuga ng'ombe wa maziwa, na mashudu yake yalikuwa chini ya dirisha langu.

Basi.

Baba mdogo Idi, anayemfuata baba yangu kwa kuzaliwa, alikuwa na mashine ya kukamua alizeti. Wakulima walileta mbegu kutoka Mtinko, Kinyangiri na Kinampanda, wakarudi na mafuta kwenye madumu, na wenye mifugo wakabeba na mashudu. Kuna ofisi mjini ilikuwa inafunga na kuuza vitu vyake, naye akanunua kompyuta moja ili aweke hesabu za biashara. Hesabu aliendelea kuziweka kichwani. Kompyuta ikawekwa kwenye meza ya stoo, ikafunikwa kitambaa cha kufuma kama televisheni, na ndani yake aliyekuwa anaitumia zamani alikuwa amesahau gemu.

Nilikuwa katika umri ule ambao meno ya mbele yameshaota upya na bado unayaonea aibu. Gemu lilikuwa la Kiingereza, na Kiingereza hatukukijua. Tulijifunza kwa kufa. Lilitaka majina ya watu wanne wa kuingia nao mahandakini. Tukawaita Baba, Bibi, Mwalimu na Punda. Punda ndiye aliyekuwa na nguvu.

Mashine ilipowashwa, sakafu yote ya stoo ilitetemeka, meza ikatetemeka, na kuta za mahandaki kwenye kioo zikatetemeka nazo. Kwa akili yangu ya wakati ule jambo lilikuwa wazi: mahandaki yale yalikuwa chini ya mashine. Mafuta yalikamuliwa juu ya vichwa vya watu wetu wanne. Kompyuta ikizimwa walibaki mle gizani, wamekaa chini, vumbi la maganda ya alizeti likiwaangukia mabegani, wananisubiri mimi. Nilipopita karibu na mashine nilinyata. Sikumwambia mtu kwa nini.

Lazima nieleze kwa nini nililipenda gemu lile kuliko watoto wengine walivyolipenda. Nyumbani kwetu neno kubwa lilikuwa "inatosha." Mafundi waliposhindilia kiroba mpaka kikatoka kichwa upande: inatosha. Mama alipopima kitambaa cha shela yangu kwa mkono na upande mmoja ukaburura: inatosha. Mimi nilikuwa mtoto ninayepanga viatu vya wageni mlangoni, ambaye hawezi kulala kama mkeka haujalingana na ukuta. Neno lile lilinichoma kama kipele. Mle mahandakini hakuna aliyelisema. Mraba mmoja ulikuwa mraba mmoja. Ukikosea hatua, ulikufa, na ulikuwa unastahili. Kwa mara ya kwanza nilikutana na kitu kilichokuwa kinachukulia mambo kwa uzito kama mimi.

Aliyenipa jina la Rula ni Jumanne. Jumanne ni mtoto wa shangazi yangu, dada yao baba, na alinizidi umri kidogo na kimo sana. Alikuwa mcheshi, watu wazima walimpenda, mafundi wa mashine walimwachia maganda ya embe amrushie anayemtaka. Kwetu mtoto wa shangazi na mtoto wa mjomba ni watani. Atakutukana mbele za watu, atakunyang'anya andazi mdomoni, atavaa kanga yako na kuigiza unavyotembea, na wewe kazi yako ni moja tu: kutonuna. Anayenuna ndiye mwenye kosa. Jumanne alinitania kwa bidii ya mtu anayelipwa.

Alicheza gemu kama alivyofanya kila kitu, kwa kelele. Kila njia panda alikata kulia. "Mkono wa kulia haupotezi mtu," alisema, akagonga ukuta, akaliwa na mifupa, akacheka, akaanza upya. Hakuwahi kuchora chochote wala kukumbuka chochote. Ilikuwa inaniuma kumtazama.

Siku ya sikukuu ya Idi, watu wote wamekaa uani kwenye mikeka na pilau imeshapungua kwenye masinia, baba mdogo akashiba mpaka akawa mkarimu. "Ile kompyuta," alisema, "mimi imenishinda. Atakayelivuka lile gemu akatokea upande wa pili, ni yake. Akaondoke nayo."

"Hata akiwa huyu Rula?" shangazi akauliza.

"Hata akiwa paka."

Watu wakacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu nilishaanza kufikiri. Sijui kama nilikuwa nimewahi kutaka kitu kabla ya hapo. Nilitaka nguo, nilitaka soda, lakini kule si kutaka. Kompyuta ile niliitaka mpaka nikaogopa kuitazama mbele ya watu wasije wakaona.

Mahandaki yale hayakuweza kushikwa kichwani, nilishajaribu. Nikiwa nashona viroba stoo ndipo nikaona kitu kilichokuwa mbele ya macho yangu siku zote: sandarusi imefumwa. Nyuzi bapa zinapita huku na huku, zinakatana, na kila zinapokatana pana mraba. Nilichukua kiroba kilichopasuka, nikakifumua ubavu kwa shazia, ile sindano kubwa ya kushonea magunia, nikakitandika nyuma ya mapipa kikawa kama mkeka. Maka peni nilichukua ile ya kuandikia majina ya wateja. Mraba wa uzi kwa mraba wa gemu. Ukuta, mstari mzito. Mlango, mkato mdogo. Mahali pa kufia, kichwa cha punda.

Ilinichukua kutoka mavuno ya alizeti hadi upepo wa kipupwe. Nilicheza zamu yangu, nikakimbia nyuma ya mapipa na njia ikiwa bado kichwani, nikachora. Nikikosea mraba mmoja nilisugua wino kwa mafuta ya taa mpaka ngozi ya vidole ikaganduka. Sikukubali popote pawe "kama hapa." Mwishoni kiroba kizima kilijaa, ngazi moja chini ya nyingine, na ilibaki kona moja tu ambayo sijaifikia. Nilijua nyuma ya kona hiyo ndipo pa kutokea. Nilijua kwa sababu kwingine kote nilishakwenda.

Hapo ndipo kaka yake bibi akafariki, huko Mtinko, na bibi akanichukua tumsindikize.

Msiba ule nilikuwa sijawahi kuuona mfano wake. Watu wamekaa wanalia, na mwanamke mmoja, mtani wa marehemu, akatokea ndani kavaa koti la marehemu na kofia yake, kashika fimbo yake, anatembea kwa kuchechemea kama yeye na kulalamika kwamba uji hauna chumvi. Wenye msiba walicheka huku machozi yanawatoka. Makaburini mtani mwingine aliingia ndani ya kaburi na kukataa kutoka mpaka apewe kuku. Mimi nilikasirika. Niliona wanamharibia marehemu siku yake.

"Usiwakunjie uso," bibi aliniambia. "Hao ndio wanaotubeba. Na wewe siku yako ikifika, Jumanne ndiye atakayeingia mle kwanza, alale, aone kama panakutosha."

Bibi alidhani ananifariji. Mimi nililichukua lilivyo. Nilimwona Jumanne na jembe, anachimba kwa kelele, anakata kulia, kaburi linapinda, na watu wanasimama pembeni wanasema inatosha. Njia nzima ya kurudi mjini niliwaza nifanye nini ili Jumanne anichimbie vizuri. Niliamua nitakuwa mwema kwake. Nikishapata kompyuta, nitamruhusu acheze.

Tulipofika, uani kulikuwa na watu na vicheko. Jumanne alisimama juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Mpisheni Rula apite," alisema. "Ametoka kumzika babu, sasa aje amzike na yule Punda. Kazi imekwisha."

Nilipita katikati ya watu hadi stoo. Kwenye kioo kulikuwa na lango lililo wazi, na nje ya lango kulikuwa na nyasi. Sikuwa nimewahi kuona rangi ya kijani kwenye gemu lile. Sikujua kama linayo. Niliitazama ile kijani mpaka ikaanza kuogelea machoni.

"Umetokaje?" nilimuuliza.

"Kwa miguu."

Watu wakaangua kicheko. Nikazunguka nyuma ya mapipa. Sakafu ilikuwa tupu, imefagiliwa.

"Kiroba changu kiko wapi?"

"Kipi?"

"Kilichochorwa."

"Aa, kile kichafu?" Jumanne akajikuna shingo, akawatazama watu kwanza, kama wafanyavyo wachekeshaji. "Nimekishona nikakijazia mashudu. Mteja wa Kinampanda alipungukiwa kimoja. Saa hizi ng'ombe wake wanasoma ramani."

Fundi wa mashine alicheka mpaka akashika ukuta. Baba mdogo alicheka. Baba yangu, ambaye nilikuwa namtazama kwa sababu nilijua atanisaidia, alicheka pia, akafuta jicho.

"Mwizi," nikasema.

Shangazi akashusha sahani aliyoshika. "Umemwitaje mtani wako?"

"Ni mwizi. Amefuata mistari yangu. Mwambieni aoneshe njia bila kiroba, kama anaijua." Nilikuwa nalia, pua inatiririka, na nililisema tena neno lile, na tena.

"Mwanangu," baba akasema, taratibu, kama mtu anayemweleza mgeni mahali choo kilipo. "Mtani haibi. Anachukua."

Mpaka leo sijasikia sentensi iliyonifunga mdomo kama hiyo. Wakazungumza wao kwa wao, wakakubaliana kwamba nimemnunia mtani na kumtukana kwa hasira, na kwamba lazima nimwombe radhi ili jambo lisikae vibaya. Radhi ilikuwa kuku. Nilikuwa na tetea wangu mwekundu, niliyemlea tangu kifaranga, anayelala karibu na mlango wa chumba chetu na kunifuata hadi bombani. Alichinjwa jioni hiyo. Firigisi akapewa Jumanne, kwa kuwa ndiye aliyekosewa. Aliila mbele yangu, polepole, akiitafuna upande mmoja kisha upande mwingine.

"Imeiva vizuri, Rula," alisema. "Na chumvi inatosha."

Nikamwambia samahani binamu. Watu wakapiga makofi. Kompyuta ikabebwa hadi kwa shangazi juu ya mkokoteni, na kitambaa chake cha kufuma.

Kwa muda mrefu baada ya hapo niliamini kwamba kiroba kinaweza kurudi. Viroba huzunguka, kinakwenda na mashudu, kinarudi na mahindi, kinauzwa, kinabebea vitunguu. Kila mnada niliokwenda, kila lori lililoshusha mzigo mbele ya mashine, niliinama kutazama mgongo wa kila kiroba cha sandarusi. Nilivigeuza vya watu. Mwanamke mmoja sokoni Mtinko aliniuliza kama nimepoteza hela. Nikamwambia ndiyo. Hadi leo, nikipita kwenye mzigo wa viroba, macho yangu hushuka yenyewe.

Na kompyuta? Siku moja nilitumwa kwa shangazi kupeleka mafuta. Kioo kilikuwa hakipo. Lile boksi lake la chuma lilikuwa limefunguliwa, limewekwa uani kwenye kivuli cha ukuta, limejazwa majani makavu, na ndani yake kuku wa shangazi alikuwa ameatamia. Yule kuku alinitazama kwa jicho moja. Nilisimama pale nikiwaza Baba, Bibi, Mwalimu na Punda, ambao kwa akili yangu hawakuwahi kutoka. Aliyetoka ni Jumanne peke yake. Dumu la mafuta liliniponyoka. Nilichapwa.

Hakuna aliyenifundisha kompyuta. Nilijifunza kwenye simu za kuazima, kwenye vibanda vya intaneti nikilipia muda na kunakili mambo nisiyoyaelewa, kisha kwenye laptop ya mtumba ambayo herufi zake mbili hazikuwa zinabonyezeka. Watu wakiniuliza kilichonisukuma, nasema ni kupenda teknolojia. Ni uongo wa adabu. Kilichonisukuma ni ile firigisi.

Nilipogundua kwamba magemu ya mahandaki yamerudi, na kwamba yanatengenezwa hata na mtu mmoja chumbani kwake, nilianza la kwangu. Nimeliita Tembe. Unaingia kwenye nyumba kama ya kwao bibi, ile ya udongo yenye paa bapa, milango ya kuinamia, zizi la ndama ndani, ghala la nafaka, na giza linalonuka moshi. Ukifika chumba cha ndani unakuta pameshuka chini, na chini kuna nyumba nyingine, kubwa zaidi, na chini yake nyingine. Nimelijenga kwa misimu miwili ya mvua. Kila mraba nimeukanyaga mwenyewe. Nilikuwa nikiamka na hofu kwamba kuna mlango niliousahau, nakwenda kuukagua, naukuta sawa, narudi, hofu inarudi nayo.

Ngazi ya tatu niliijenga kwa ajili ya mtu mmoja. Njia zake zinazunguka, na ukifuata ukuta wa kulia utatembea hadi nywele ziote mvi bila kugonga mwisho wala kufika. Si udanganyifu. Anayechora ramani kwa uaminifu ataona kwamba katikati ya mchoro wake pamebaki pengo, mahali ambapo hakuna alipopita. Akishaliona pengo, atarudi kupapasa kuta za mkono wa kushoto, na mmoja utafunguka. Wageni wa mbali ambao sijawahi kuwaona wamelivuka na kuniandikia kwamba ngazi ya tatu ni ngumu lakini ya haki. Nilitaka iwe ya haki. Kisasi chenye kasoro kingenitesa zaidi kuliko kukosa kisasi.

Sikukuu ya Idi iliyofuata tulikuwa uani palepale. Mashine ya baba mdogo sasa ni mpya, ndevu zake ni nyeupe. Jumanne ni mfanyabiashara wa vitunguu, ana pikapu, ana tumbo, bado watu wanacheka kabla hajafungua mdomo. Nikaweka laptop katikati ya mkeka.

"Binamu," nikamwambia, "bingwa wa mahandaki. Nimetengeneza la kwangu. Ukitokea upande wa pili, laptop hii ni yako. Ukaondoke nayo."

"Hiyohiyo unayofanyia kazi?"

"Hiyohiyo."

Akamtazama baba mdogo. "Mzee umesikia?"

"Nimesikia," baba mdogo akasema. "Nami ni shahidi."

"Na nikishindwa?"

"Utaniletea tetea mwekundu," nikasema, "na firigisi nitaila mimi, wewe umekaa unanitazama."

Watu walicheka, na wachache wa umri wetu waliokumbuka walicheka kidogo kuliko wengine. Jumanne alikaa, akakunja mikono ya kanzu, akaingia. Njia panda ya kwanza, kulia. Ya pili, kulia. Ngazi mbili za mwanzo nilimwachia, ni nyepesi. Ya tatu alizunguka hadi chai ikaletwa na vikombe vikaondolewa. Watoto waliokuwa wanamshangilia mgongoni wakaondoka mmoja mmoja kwenda kucheza mpira. Mimi nilikaa nimenyoosha mgongo, viganja vinatoka jasho, nikiogopa kwamba kuna mraba sikuufunga na atateleza atoke. Hakutoka.

"Tetea lini?" nikamuuliza.

"Bado sijashindwa," alisema. "Natafuta."

Nikamwekea gemu kwenye laptop ya mke wake ili aendelee kutafuta. Siku hizi ananipigia katikati ya mizigo ya vitunguu kuuliza kama mlango wa ghala una siri. Namjibu kwamba mimi nimesahau. Mke wake ananiambia anakula huku anazunguka. Nakiri kwamba habari hizo zinanipa usingizi mzuri.

Wiki iliyopita alipiga hodi.

"Karibu, mwizi wangu," nikamwambia. Sasa namwita hivyo mbele ya watu, na anacheka, kwa kuwa nimejifunza kulisema nikiwa natabasamu.

Hakucheka sana. Alikuwa amebeba kitu kwapani. Akakitandika kwenye sakafu yangu, kikakunjuka: kiroba cha sandarusi, kimefumuliwa ubavu, kimechorwa kwa maka peni. Pikapu yake ilikuwa imepakia mashudu. Harufu zikaingia chumbani pamoja naye.

"Nimezunguka mpaka nimechoka," alisema. "Mke wangu akasema chora. Karatasi zilikuwa zinaisha, ndipo nikakumbuka ulivyokuwa unafanya." Akachuchumaa, akapitisha kidole juu ya mistari yake. Mtu mzima, na wino hadi kwenye kiwiko. "Kumbe ni kazi, Rula. Ile ya zamani uliichora yote wewe mwenyewe?"

"Yote."

"Mh." Akajikuna shingo. "Mimi nilifuata tu mistari. Wala sikujua kama..." Hakumaliza. Nilimngoja amalize. Nilimpa nafasi kubwa ya kutosha pikapu kupita, na hakumaliza. Badala yake akainua uso. "Wewe ni mtu wa kupima. Niangalizie tu, siombi njia. Kuna mahali nimekosea?"

Nikainama. Mistari yake haikuwa mibaya. Ilikuwa minyofu kuliko nilivyotegemea, na mahali pa kufia alikuwa amechora kichwa cha punda. Kisha nikaliona kosa. Nyuma ya ghala, ujia mmoja alikuwa ameupanua kwa mraba mmoja wa uzi. Mraba mmoja tu. Kutoka hapo kila kitu kilikuwa kimesogea, kuta zikakutana katikati, na pengo likazibika. Kwenye ramani yake, chumba cha kutokea hakikuwepo duniani.

Mkono wangu ulikwenda kwenye maka peni wenyewe. Nisingeweza kueleza kwa mtu asiye kama mimi jinsi ilivyo kuona mstari uliokosewa na kalamu ipo mezani. Inawasha. Inawasha kwenye meno. Sijawahi kuacha kosa nililoliona, la mtu yeyote. Nimewahi kusahihisha bango la harusi ya watu nisiowajua. Jumanne alikuwa ananitazama kwa uso ambao sijauona kwake tangu utotoni, uso wa mtu anayetaka kitu na hafichi.

Nikaweka mkono chini ya paja langu.

"Inatosha," nikamwambia.

"Kweli?"

"Inatosha kabisa, binamu."

Akakunja kiroba chake kwa uangalifu, akakiweka kwapani, akanishukuru. Nilikaa juu ya mikono yangu nikimtazama dirishani mpaka alipoingia kwenye pikapu na kuiwasha. Kwenye njia panda ya mtaa wetu hakusimama kufikiri. Alikata kulia.